Majina Niliyoyafuta kwenye Katuni ya Mashua

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na daftari tupu. Kitenge nimeshashona, saa inakimbia mbele dakika tisa kila siku, na daftari ndilo hili. Mlisema niwaandikie kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo mtazikuta kwenye jalada langu la utumishi, kama mchwa hawajatangulia. Mimi nitaandika yale yasiyomo kwenye jalada, hasa habari ya sanduku la katuni za Waairishi, maana najua mnalipita kila siku bila kujua lilitaka kuniponza.

Niliingia chumba cha ukarabati cha maktaba nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikitokea kijijini kwetu Zuzu, nje ya Dodoma, kwa baiskeli ya baba, ambayo ilikuwa ndefu kuliko miguu yangu. Nilidhani nimeajiriwa kupanga vitabu. Chumbani nilimkuta mtu mmoja tu, Mzee Saidi, Mrangi wa Kondoa, mwembamba, kofia kichwani, koti la kazi limekakamaa kwa gundi mpaka ungeweza kulisimamisha lenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbukwa!" akaniongezea salamu ya kwetu Wagogo kwa utani. "Umenawa?"

"Nimeoga, mzee."

"Sijauliza kuoga. Nimeuliza mikono."

Nikaenda kunawa. Niliporudi akanipa rundo la magazeti makuukuu akaniambia niyachane. Nilichana asubuhi mpaka jioni, karibu wiki mbili. Siku ya kwanza nililia njiani nikirudi, kwamba nimesoma mpaka kidato cha nne nije kuchana magazeti. Siku ya tisa hivi ndipo vidole vyangu vilipoelewa bila kuambiwa: karatasi ina mwelekeo, kama mbao. Ukiichana upande mmoja inakwenda moja kwa moja, upande mwingine inakugomea na kukata kona. Nilipomwambia, Mzee Saidi hakunisifu. Alisema, "Basi kesho uje tupike gundi."

Gundi yenyewe tulipika kwa unga wa ngano, taratibu, kama uji wa mgonjwa, huku tukikoroga upande mmoja tu. Ikiiva vizuri hunukia mkate. Ikinukia pombe, mwaga, usijidanganye. Shida ilikuwa maji. Maji yetu ya Dodoma mnayajua, ukichemshia chai birika linaota ukoko mweupe, na karatasi ukiisafishia maji hayo inakauka na ramani ya chumvi. Kwa hiyo mvua ikinyesha, Mzee Saidi aliacha hata mgeni wa heshima akakimbilia nje na madumu kukinga maji ya paa. Madumu hayo aliyaficha nyuma ya kabati na kuyaandika "SUMU", kwa sababu watu wa ofisini waligundua kwamba chai ya maji yale ni tamu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mfupa wa kukunjia aliouchonga mwenyewe kutoka mguu wa ng'ombe, brashi tatu, sindano, uzi uliopakwa nta, presi ya chuma iliyoachwa na wamisheni, na karatasi nyembamba ya Kijapani tuliyoitumia kwa vipande vya ukubwa wa kucha. Na raba. Kulikuwa na raba laini nyeupe ya kuondolea uchafu, na raba ngumu ya kufutia wino, ambayo aliifungia kwenye mtungi wa glasi kama dawa kali. Na kwa kuwa mtaniuliza: mtu aliyegundua selotepu, ile inayoacha madoa ya njano kwenye karatasi, sina ugomvi naye binafsi, lakini asipite mtaani kwetu.

Mwaka wangu wa nne, Padri Fintani alikuja na sanduku la bati mgongoni mwa pikipiki ya mtu. Alikuwa Mwairishi aliyefundisha shule pale Kikuyu, hapa hapa Dodoma, kwa miaka mingi hata Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kigogo, na ugali wa uwele kwa mlenda aliula haraka kuliko mimi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliliweka sanduku mezani, akalipapasa kufuli.

"Mzee Saidi, humu mna aibu ya ukoo wetu," alisema. "Nimeitunza mpaka nimechoka. Itunzeni ninyi."

Ndani mlikuwa na kurasa arobaini na kitu za katuni, zilizokatwa kwenye magazeti ya karne ya kumi na tisa. Kwa ajili yenu ambao hamjawahi kulifungua: wakati huo nchi ya Ayalandi ilitawaliwa na Uingereza, na Waairishi waliokuwa wanadai kujitawala walichorwa kila wiki. Magazeti ya London yaliwachora nyani. Nyani mwenye kofia mbovu, rungu mkononi, pipa la baruti kwapani. Sisi tunaowajua nyani kwa mashamba ya mahindi tuliona kwamba mchoraji hajawahi kumwona nyani hata mmoja, ila chuki alikuwa nayo ya kutosha. Magazeti ya Dublin nayo yaligeuza: Mwairishi amekuwa kijana mzuri mwenye kidevu safi, na Mwingereza ndiye zimwi. Ya New York yalimchora yeyote aliyewaudhi wiki hiyo. Kila mji ulimpa adui yake meno.

Kulikuwa na kurasa kadhaa za habari moja ambayo Padri alituelezea taratibu. Waairishi wengi walihamia Marekani kwa njaa, wakapigana katika vita vya huko, na vita vilipokwisha walibaki na bunduki na hasira. Uingereza ilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Lakini Kanada, koloni lake, ilikuwa ng'ambo ya mto tu. Wakavuka mpaka kwenda kuipiga Kanada, wakidhani Uingereza itaumia hata iachie Ayalandi.

"Ikaachia?" Mzee Saidi aliuliza.

"Wapi! Walikaa ng'ambo siku mbili tatu, wakarudi mbio. Na kule walikofika waliua watu ambao hawakuwakosea chochote." Padri alilipapasa sanduku. "Kaka yake bibi yangu alikuwamo."

Katuni ya uvukaji huo ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Ni ukurasa mmoja, mkubwa kama sinia. Kuna mashua, na mbele ya mashua wamekaa nyani watatu wenye makoti ya kijani. Ufukwe wa Marekani, mzee mrefu mwenye kofia ndefu, ndiye Marekani mwenyewe, amewapa kisogo, anachonga kijiti kana kwamba haoni. Ufukwe wa Kanada kuna safu ya wanajeshi wadogo wanaofanana wote, weupe na wasafi kama wanasesere wa sukari. Bibi yake Padri, aliyekuwa binti mdogo siku hizo, alipelekewa ukurasa huo na jamaa wa Marekani, naye akautunza maisha yake yote jikoni, juu ya moshi.

"Bibi aliandika kitu pembeni kwa penseli," Padri alimwambia Mzee Saidi akiwa mlangoni. "Siku moja mtanisomea."

Maneno hayo ya mlangoni nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza nami nilishatoka uani kukinga maji.

Wiki iliyofuata Mzee Saidi aliitwa Kondoa kwenye msiba. Aliniachia sanduku na agizo moja: niondoe vumbi kwa brashi, basi. Nami nilikuwa na miaka minne kazini, umri ambao fundi huanza kujiona fundi. Niliutazama ukurasa wa mashua, umeshika masizi pembeni, nikajisemea nitamshangaza mzee. Nikachukua raba laini. Nilifanya kazi nzuri sana, nataka mjue hilo, mizunguko midogo midogo kama alivyonifundisha, na ilipofika saa saba pembe zote za karatasi zilikuwa nyeupe. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Mzee Saidi alirudi siku ya tatu. Aliutazama ukurasa ule, akauinua, akaugeuza.

"Maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani, mzee?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alivua kofia, akaketi, akanieleza Padri alichosema pale mlangoni. Mezani yalikuwapo makombo ya raba, meusi meusi, ambayo sikuwa nimeyafagia, nami nikawa nayatazama kama mtu anayetafuta jino lake kwenye mchanga.

"Raba gani?" aliuliza.

"Laini."

"Mungu amekuonea huruma. Penseli ikiondoka, huacha njia yake. Kesho asubuhi tutajaribu. Lakini kwanza nenda kamwambie."

"Si tujaribu kwanza, mzee? Tukifanikiwa…"

"Ukifanikiwa utasema au utanyamaza?"

Akanisukumia baiskeli.

Padri nilimkuta nyuma ya nyumba, anapogoa mizabibu kwa kupapasa. Hata sijafika aliniambia mnyororo wa baiskeli yangu unataka mafuta. Nilimsalimia, kisha nikasema yote kwa pumzi moja, kwa kuogopa kwamba nikipumzika sitaendelea.

"Padri, nimeyafuta maandishi ya bibi yako."

Mkasi wake ulibaki wazi hewani.

"Yote?"

"Yote. Nilidhani ni masizi."

"Uliyasoma kwanza?"

"Hapana."

Alisema, kama anayeongea na mizabibu, "Nimekuwa na ukurasa ule miaka thelathini. Nilikuwa na macho mazuri, tena ya kusahihishia daftari za watoto mia. Sikuusoma hata siku moja. Niliona aibu kumtazama ndugu yangu akiwa nyani." Akafunga mkasi. "Kwa hiyo tusigombane, Yunisi. Ingia ndani unywe chai."

Chai ile ilikuwa na chumvi ya maji yetu na sukari nyingi. Niliinywa yote.

Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa chumbani watatu. Mzee Saidi alifunga madirisha yote, akaacha moja tu la mashariki likiwa wazi kiasi cha kiganja. Jua la Dodoma saa hiyo huingia limelala. Akautandaza ukurasa juu ya kioo, akawa anauzungusha kidogo kidogo ili mwanga uuparaze kutoka ubavuni. Mwanga ukitoka juu karatasi hujifanya tambarare. Ukitoka ubavuni, kila mfereji unatupa kivuli. Mara ya kwanza hatukuona kitu. Mara ya pili niliona nyuzi za karatasi. Mara ya tatu, kwenye ukingo wa chini, usawa wa nyani wa kwanza, mstari ukasimama, kisha mwingine.

"M," nilisema. "Kuna M."

"Endelea," Padri alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nilimsomea. Wa kwanza, Mikaeli. Wa pili, Tomasi. Yalikuwa majina tu, kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na anayekandamiza penseli kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyotuokoa. Chini ya nyani wa tatu palikuwa na jina fupi, Dani, halafu mstari mzima wa maneno nisiyoyajua.

"Padri, hiki si Kiingereza."

"Nitajie herufi."

Nikamtajia moja moja. Lugha sikuijua hata neno, ila herufi ni herufi. Jua lilikuwa linapanda na vivuli vinafupika, Mzee Saidi akiinamisha kioo kulifuata, na mimi nikiharakisha. Padri alikuwa anazirudia midomoni kama mtoto wa darasa la kwanza, anaziunga, anazibomoa, anaunga tena. Ghafla akacheka, kicheko kifupi, na machozi yakamtoka hapo hapo akicheka.

"Kiairishi," alisema. "Bibi ameandika, 'Anaogopa maji.'"

Mimi nilimtazama yule nyani wa tatu. Alikuwa amechorwa na meno nje kama wenzake, na mchoraji kule mjini kwake hakujua lolote habari zake. Lakini mikono yake, nikiangalia vizuri, ilikuwa imeng'ang'ania ubao wa mashua. Labda ndicho alichokiona yule binti akajua ni yupi. Labda aliamua tu, kwa kuwa picha nyingine ya kaka yake hakuwa nayo. Padri alisema Dani, kaka yake bibi, hakurudi nyumbani tena na hakuna aliyewahi kusema alizikwa wapi.

Baadaye Padri alinishika mkono. "Yaandike tena, binti yangu. Pale pale, kwa mkono wako. Nakupa ruhusa."

Nilitaka sana. Nilikuwa nimeshachonga penseli. Mzee Saidi aliweka kiganja juu yake.

"Hapana, Padri, nisamehe. Akiandika juu, maandishi yatakuwa ya Yunisi, na ya bibi yatakuwa yamekufa mara ya pili. Aandike kwenye karatasi nyingine, aseme nini kilikuwapo, nani alikifuta, na tulikionaje."

"Na jina lake aliweke?"

"Aliweke."

Ndiyo karatasi mnayoikuta kwenye folda ya mashua, yenye maneno "yamefutwa na mimi kwa kutojua", na jina langu chini. Wakuu watatu wa maktaba, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia niitoe kwa kuwa inaichafua idara. Kila mmoja nilimjibu kwamba nitaitoa, na sikuitoa. Tangu siku hiyo sikuigusa karatasi yoyote kabla ya kuitazama kwa mwanga wa ubavuni na kuandika kila nilichokiona, hata doa la chai. Mlikuwa mnanicheka kwamba naangalia karatasi kama mama mkwe anayekagua sufuria. Mcheke, lakini mfanye.

Padri Fintani tulimzika hapa hapa, kama alivyotaka. Mzee Saidi alistaafu, akarudi Kondoa kulima, naye akatangulia miaka michache baadaye. Mfupa wa kukunjia aliniachia. Nilizipanga zile katuni zote arobaini na kitu peke yangu, miaka miwili ya kazi ya mchana kutwa, upepo ukipuliza vumbi chini ya mlango, redio ya jirani ikitangaza mazishi, na nitawaambieni bila aibu kwamba sijawahi kuwa na furaha ya utulivu kama ile. Nikiwa nyumbani sasa, saa nne mikono yenyewe inatafuta brashi.

Halafu ikaja miaka yenu, ya skana na kompyuta. Neema, wewe ndiye uliyeziweka katuni kwenye mtandao, pamoja na karatasi yangu, na wewe ndiye uliyekuja mbio na barua pepe mkononi, nikiwa nimebakiza miezi miwili kustaafu.

"Mama, kuna mzee wa Kanada ametuandikia. Amekasirika."

Alikuwa mwalimu mstaafu. Alisema ukoo wao ulikuwa na kijana, mwanafunzi wa chuo, aliyetolewa kwenye chumba cha mitihani akapewa bunduki, akaenda kuuawa kwenye ufukwe ule ule wa ile katuni. Aliuliza kwa nini wavamizi wamepewa majina, na hata woga wao umeandikwa tuwahurumie, wakati vijana wa upande wao wamebaki wanasesere wasio na sura. Mkuu alisema tusijibu, yanaweza kuwa mambo ya kisheria. Nilikaa na barua ile siku nzima. Kilichoniuma ni kwamba mzee yule alikuwa na haki. Miaka yote nimewatazama nyani watatu, na ile safu ya weupe nimeipita kama ua la ukutani.

Jioni nilimwambia Neema aandike ninayosema. Nilimweleza yule mzee habari ya binti wa jikoni na kaka yake, na ya Padri aliyesema waziwazi kwamba ndugu yake alikwenda kuua wasiomkosea. Nikamwambia hatuwezi kuandika chochote juu ya katuni, ila akitaka tumwandikie kijana wao karatasi kama ile yangu, atuletee jina, na neno moja ambalo wao wanalikumbuka.

Wiki tatu kimya. Neema alikuwa anafungua kompyuta kila asubuhi kabla hata ya kuvua mkoba, ananitazama, anatikisa kichwa. Nilishaanza kufunga vitu vyangu kwenye boksi. Jibu lilikuja siku ya Alhamisi, mistari miwili, bila salamu.

"Wiliamu. Alikuwa amebakiza mtihani mmoja."

Neema alisoma mara mbili, akakaa. Mimi nilinawa mikono. Nikakata karatasi, nikafuata mwelekeo wake, nikachonga penseli, nikaandika jina na yale maneno kama yalivyokuja, na chini nikaandika yalikotoka. Neema alikuwa amesimama mbele ya kabati, folda mpya mkononi.

"Mama, huyu tumfungulie ya kwake? Maana ni wa upande mwingine."

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Mweke humo humo na Dani."